Bunduki Mbili na Ukuta wa Jiko

Bunia, tarehe 11 Februari 2024

Kwa yaya Joséphine, dada yangu mukubwa, malkia wa moshi na samaki, mama wa Tchomia nzima,

Salamu mingi kutoka kwa leki yako Dady, mudogo wako, adjudant wa kweli wa jeshi, mwenye kupendwa na wakubwa na kuogopwa na wadogo. Siye tuko wazima. Annie iko muzima, tumbo imeshuka, anasema mutoto atatoka mbele ya Pasaka. Mimi ninasema ni kijana, yeye anasema ni kazi. Weye je? Mugongo? Na muchumba wa binti yako Ornella, amefikisha mbuzi ama bado anafikisha maneno tu? Mwambie kama mbuzi hazijafika, mimi nitakuja kumusalimia na uniform.

Usishangae kupata karatasi. Tangu tuliingia mu formation, haya mafunzo ya jeshi, komanda Nathanaël amefunga simu zetu zote mu sanduku yake ya chuma, na yeye analala juu ya ile sanduku. Barua inaletwa na mama Monique akikuja kuchukua samaki kwako. Unijibu kwa mukono wake.

Sasa sikia leki yako amekuwa nani. Tunajifunza vita ya mujini. Vita ya porini hata mbuzi anaiweza: unalala, unapiga, unahama. Mujini, yaya, kila dirisha ni jicho, kila kona iko na mwenyewe. Kuingia mu nyumba kuko na akili yake: wa kwanza anaenda kushoto, wa pili kuume, wa tatu anaangalia juu, na hakuna mutu kusimama mu mulango, juu mulango ni kaburi ya wavivu. Mwalimu wetu ni muzungu mumoja anaitwa Yves, masharubu kama ya paka. Aliniangalia nikiingia, akauliza mbele ya wote: "Adjudant, hii uliisha kujifunza wapi?" Nikamujibu: "Mwalimu, nimekomalia mu nyumba ya vyumba mbili na watoto saba. Kuingia mbio na kupata kona njo maisha yangu."

Taabu ni moja. Nyumba zetu za kujifunzia ni mbao na mahema. Ukiegemea, inaanguka. Basi nikasimama mu mukutano, nikasema: "Komanda, familia yangu iko na nyumba ya kweli ku barabara ya Bogoro. Ukuta wa miti na udongo, mabati juu, musingi wa mawe mpaka goti." Unakumbuka yale mawe? Niliyabebaka kutoka mutoni mimi mwenyewe, nikapata upara mbele ya ndevu. Komanda alipiga meza kwa furaha. Tutajifunza kuingia, kisha tutapiga zile kuta risasi, tuone zinasimamisha nini na haziwezi nini.

Ni nyumba ya bure, haina watu, jirani wetu Honoré anawekamo mahindi yake tu. Tena hakuna mutu alikufia mule, Mungu ashukuriwe. Muzee, baba yetu, alikufia hospitali. Na Patience wetu, kitinda mimba, homa ilimuchukua mu njia wakati mulikuwa mukikimbia vita na mimi niko Kisangani. Haiko nyumba ya machozi. Weye njo mukubwa wetu, shamba iko mu mukono yako. Ninangoja tu neno lako.

Komanda nimeisha kumwambia ndiyo.

Leki yako,
Dady


Tchomia, tarehe 10 Machi 2024

Leki Dady,

Barua imefika na harufu ya samaki kapitene, sababu Monique aliiweka mu kitunga pamoja na samaki. Tuko wazima. Mugongo iko pale pale, imeisha kuwa jirani. Wale wa Ornella wameleta mbuzi mbili, moja inachechemea; tumepokea ile ingine. Ziwa imekasirika wiki hizi, wavuvi wanarudia na nyavu nyepesi, na kuni za kukaushia zimekuwa ngumu kupata. Musalimie Annie. Asinyanyue maji.

Juu ya nyumba: mabati imeoza. Itaangukia basoda, askari wenzako, kisha serikali itasema ni siye tulipanga. Tena mahindi ya Honoré iko ndani, unajua yeye na mahindi yake. Bunia haikosi nyumba. Mutafute ingine.

Iko kitu moja sikusikia vizuri. Unasema mutapiga kuta muone. Muone nini? Ukuta ni ukuta.

Yaya wako,
Joséphine


Bunia, tarehe 24 Machi 2024

Yaya Joséphine, mwenye kukataa mbuzi za watu,

Piga vigelegele! Annie amezaa, ni musichana. Ndiyo, nilisema kijana. Hata mupigaji mukubwa anakosaka shabaha. Iko na sauti kama ya komanda akikosa chai. Mama yake iko muzima, anakula mingi, anakuita uje uone mapua ya ukoo wenu vile imetokea.

Umeuliza muone nini. Kaa chini, profesa anakuja.

Bunduki tuko nazo aina mbili. Ya kwanza ni kalach, ile ya zamani, kalibre 7,62. Kalibre ni unene wa risasi. Hii ni nene, ni mama wa soko: akisema atapita, atapita, mutoke mu njia. Ya pili mwalimu Yves alituletea tujaribu, kalibre 5,56. Risasi yake nyembamba, inaenda mbio sana, bega haliumi, na soda anabeba mingi bila kulia. Lakini ikigonga kitu inaanza kugeuka-geuka na kuvunjika, kama muchumba wa mujini akisikia mahari.

Komanda anataka kila mukubwa wa kikosi aseme wazo lake: siku mambo yakiharibika mujini, tuingie na ipi? Na siku ile ikifika, kikosi changu njo kitatumwa kwanza, ni kusema neno langu liko na kilo. Mimi sina shaka: 7,62. Mujini adui anajificha nyuma ya ukuta. Hii risasi haimwombe ukuta ruhusa, inapita tu na kumusalimia kule kule. Nimewaambia wenzangu, wakapiga makofi. Wewe unanijua, sipendaki makofi, lakini nilisimama yaishe.

Sasa nyumba. Mabati: basoda watakuja na miti ya kuyaegemeza. Mahindi: tutayahamisha sisi wenyewe, Honoré atapata wabebaji wa bure wenye bunduki, nani mwengine Ituri anapata hiyo heshima? Tarehe ni mwisho wa Mei. Kama iko sababu ingine uiseme, niitengeneze pia.

Leki yako, baba wa musichana,
Dady


Tchomia, tarehe 5 Mei 2024

Leki Dady,

Tunamushukuru Mungu juu ya mutoto. Nimetuma kitenge na samaki tatu kwa Annie. Kama zinafika mbili, uulize Monique. Nimechelewa kujibu juu njia ilifungwa, magari haikupanda, na kisha mukono haukupenda kuandika.

Nyuki wameingia mu nyumba ile. Honoré njo alisema. Nyuki wakali.

Sasa na mimi nikuambie kitu, profesa. Unaandika kama risasi yako haimwombe ukuta ruhusa. Na kama nyuma ya ukuta hakuna adui? Weye uliondoka zamani, ulisikia milio ukiwa upande wa wale wanaopiga. Siye tunaisikia tukiwa ndani. Ikianza, kila mama anakusanya watoto, anawapeleka jikoni, mbali na mulango, mbali na dirisha, anawakalisha chini, mugongo ku ukuta, anawaambia: kaeni hapa, musisimame. Njo vile mama yetu alitufundisha na mama yake alimufundisha. Hakuna mama wa hapa asiyefanya vile. Hakuna.

Basi mbele ya kumupa komanda wazo lako, unijibu: risasi ikiisha kupita ukuta, inaenda wapi?

Kama mumeisha kuamua, mupige kuta zingine. Ule wa jiko muuache. Usiniulize.

Joséphine


Bunia, tarehe 2 Juni 2024

Yaya,

Salamu. Mutoto amenenepa, samaki zilifika tatu, Monique ni mutu wa haki. Annie amevaa kile kitenge kanisani, pasta akasahau musitari alikuwa anasoma.

Nilienda ku Bogoro siku moja mbele ya wenzangu, peke yangu, na ufunguo wa Honoré. Nilitaka kuona wale nyuki. Nyuki sikuona hata mumoja. Niliona mahindi, panya mukubwa kama katekista, na ukuta wa jiko.

Miezi hii yote kazi yangu ni kusoma kuta, yaya. Ule ukuta ni udongo wa kijivu. Chini, karibu na mafiga, iko mahali mbili pamezibwa na udongo mwekundu. Ni mukono wa muzee, ninaujua, alikuwa anapangusa na kiganja na kuacha alama za vidole. Nikatoka inje: upande ule pia, mbili, zimezibwa vile vile. Nikarudi ndani, nikakaa chini, mugongo ku ukuta. Mimi ni mutu murefu, zilinifika ku mbavu. Mutu mufupi zingemufika juu zaidi.

Nyuma ya jiko nikaona miti ine ya majani marefu, ile tunapandaka ku mpaka wa shamba na ku kaburi. Mpaka wetu haupiti pale. Nilikaa juu ya mawe ya musingi wa jiko, nikavuta sigara moja. Kisha nikapalilia.

Sina swali.

Asubuhi komanda akafika na kikosi, na mwalimu Yves na kitabu chake. Nikawakimbilia ku barabara nikipunga mikono: "Komanda, nyuki! Wakubwa kama kuku!" Yves akasema yeye haogopi nyuki. Nikamwambia: "Mwalimu, nyuki wa Ituri hawasomaki pasipoti." Komanda aliniangalia sana. Ni mutu wa akili yule, alimwambia dereva ageuze gari.

Basi tulijenga ukuta sisi wenyewe, ku kambi. Miti, kamba, na udongo wa kukanyaga. Yves alivua viatu akaingia mu potopoto, basoda wakaimba, mutu mumoja akasema muzungu amepata rangi. Tukajenga kuta mbili, moja nyuma ya ingine kama chumba, musingi wa mawe mpaka goti, vile watu wa hapa wanajengaka. Ndani tukaweka bidon, yale madumu ya maji, mu nafasi ya mutu: moja tuliisimamisha juu ya kibao, urefu wa mutu akikaa; ingine tukailaza chini, nyuma ya mawe.

Kalach ilipita ukuta wa kwanza, ikapita bidon ya juu, ikapita ukuta wa pili, tukaikuta mu magunia ya muchanga kule nyuma. Basoda walipiga makofi. Mimi sikupiga. Ile ya 5,56 ilipita ukuta wa kwanza, ikapinda, ikapasua bidon ya juu, na mara mingi ukuta wa pili haikuufikia. Ni kusema nyepesi inaua chumba moja, nene inaua na chumba ya jirani. Bidon ya kulala, bunduki zote mbili hazikuigusa. Basoda walikunywa maji yake, ilikuwa jua kali.

Umeniuliza inaenda wapi. Njo kule inaenda.

Nimemupa komanda wazo langu. Nimeandika 5,56. Na chini nimeongeza: hata hii inapita, kwa hiyo hakuna soda kupiga ukuta bila kujua nani iko nyuma, na kama hajui, atumie miguu yake aende aone, analipwa kwa hiyo. Wenzangu wanacheka, wanasema Dady ameoa bunduki ya bazungu. Nimewaambia nimezeeka, kalach inaniumiza bega.

Dady


Tchomia, tarehe 30 Juni 2024

Leki Dady,

Asante kwa kupalilia.

Tuko wazima. Ornella ataolewa mwezi wa kumi. Ziwa imetulia.

Niko na swali moja, na usinijibu na mizaha. Ile bidon ya kulala. Unaandika risasi hazikuigusa, sababu ya mawe. Mutu aliambiwa na mukubwa wake kaa, mugongo ku ukuta. Na kama angeambiwa lala.

Nijibu hiyo tu. Silali vizuri tangu barua yako.

Joséphine


Bunia, tarehe 14 Julai 2024

Yaya Joséphine,

Ninajibu hiyo kwanza, salamu zitakuja nyuma.

Ingekuwa sawa sawa. Kukaa, kulala, kusimama ku kichwa, sawa sawa. Sababu upande wa jiko hakuna mawe. Nimeangalia mimi mwenyewe na macho yangu. Musingi wa mawe uko upande wa barabara tu, kule watu wanaona. Unamujua muzee, alipenda heshima. Upande wa jiko alipanda miti mu udongo vile tu. Yale mawe nilikuandikia mu barua ya kwanza, yaya, unajua leki yako: nilibeba matano, nikakimbia kucheza mupira, na tangu siku ile ninajisifu kama nilijenga kanisa. Hakuna mawe pale. Mutu angelala, risasi ingepita vile vile. Hakuna kitu ingine mama yeyote angefanya.

Hii nakuambia kama soda wa formation, siyo kama leki. Ni elimu.

Sasa salamu. Mutoto anacheka, hasa akiniona, sijui juu ya nini. Annie anasema mutoto iko na akili. Formation imeisha, nimepata karatasi yenye muhuri, nimeitundika juu ya kitanda. Annie anataka niitoe, anasema inamuangalia. Juu ya bunduki, komanda hajui bado, wakubwa wa mbali njo wanaamua. Lakini ule musitari wangu wa chini, wa kujua nani iko nyuma, ameuandika ku ubao wa darasa, na kila kikosi kipya kinausoma kwa sauti mbele ya kuingia nyumba. Hawaandiki ni nani aliusema. Nimekasirika kidogo.

Tutakuja ku ndoa ya Ornella, wote watatu.

Leki yako,
Dady


Tchomia, tarehe 18 Agosti 2024

Leki yangu Dady,

Tuko wazima wote. Moshi ya samaki imeniharibu macho, lakini barua yako nimeisoma mara mingi, na bado ninaisoma. Ninaiweka chini ya muto.

Weye ni muongo tangu utoto. Muongo wa kweli anakumbuka barua zake: ya mwezi wa sita uliandika ulikaa juu ya mawe ya musingi wa jiko, ukavuta sigara. Na yale mawe ya upande ule siyo weye uliyabeba. Ni mimi na mama, wiki nzima, weye uko mu mupira.

Lakini nimelala. Tangu barua yako imefika ninalala mpaka jogoo.

Hapa bamama wa kukausha samaki nimewaambia: ikianza, musikalishe watoto, muwalaze, tumbo chini, kule kwenye mawe. Monique amepeleka neno mpaka Bogoro. Waliniuliza nimejua wapi. Nikasema niko na leki iko profesa wa kuta ku Bunia. Sasa ujisifu, nimekupa ruhusa.

Ndoa ya Ornella ikiisha, tutapita shambani siye wawili. Ninataka umuone Patience kama mutu anayejua pale iko, siyo kama mwizi mwenye kupalilia peke yake. Utaleta panga, mimi nitaleta muti wa tano. Na ulete kiti ya kukalia, sababu upande wa jiko, vile ulisema, hakuna mawe.

Yaya wako,
Joséphine